Tuliyoyazungumza kabla matangazo hayajasomwa

Mimi ni fundi cherehani, Tabata, na riziki yangu kubwa inatoka kwenye harusi za watu: gauni za sendofu, sare za kamati, vitenge vya akina mama wa kicheni pati. Msichana akija kujaribu gauni tunakaa naye muda mrefu, maana bitana lazima ikae na zipu isivute, na katika muda huo anaongea. Wanajua bei ya ukumbi. Wanajua mshereheshaji anataka kutangulizwa kiasi gani, na shangazi yupi ameahidi ila hajatoa. Nikiuliza mtapanga wapi mkishafunga, au mwenzako anadaiwa na nani, wengi hunijibu, "Hayo anayajua yeye, dada." Siwalaumu. Miezi ya uchumba kwetu imejaa vikao, na ajenda za vikao vyote ni sherehe.

Sasa na mimi nimechumbiwa. Barua ya posa ilifika kwa wazazi wangu Gonja Maore, wilaya ya Same, mwaka jana. Mahari imeshatolewa sehemu kubwa, na ndoa, Mungu akipenda, ni mwezi wa tisa. Mchumba wangu ni Mhaya wa Muleba, mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Mpare na Mlutheri. Naandika kwa ajili ya wateja wangu na wengine walio kwenye kipindi hiki, kwa sababu yapo mazungumzo ambayo naamini kabisa wachumba lazima wayafanye wenyewe, na wayafanye kabla kamati haijaanza kugawa kadi.

Nianze na dini, maana ndiyo iliyotuchukua muda kuliko yote.

Desturi inajulikana: mke humfuata mume. Tangu siku ya posa watu walichukulia kwamba nitahama. Mama yangu mdogo aliniuliza bila ubaya wowote, "Mafundisho ya Kikatoliki unaanza lini?" Lakini nimebatizwa na kupata kipaimara KKKT, Dayosisi ya Pare. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Ningehama kwa sababu moja tu, harusi, na sababu hiyo kwangu haikutosha. Mchumba wangu nilimwambia hivyo kabla washenga hawajafunga safari, ili kama ni jambo asiloweza kulibeba, aseme mapema. Alikaa kimya siku nzima. Kesho yake akaniambia, "Twende kwa paroko tumuulize njia ipo ipi."

Njia ipo, na nashangaa jinsi watu wengi wasivyoijua. Kanisa Katoliki linaiita ndoa mseto, yaani Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa katika kanisa lingine. Inahitaji kibali cha askofu, na paroko ndiye anayewaombea. Ubatizo wangu unatambuliwa, sibatizwi upya, na hakuna anayenidai nihame. Mwenzangu ndiye anayetakiwa kuahidi: kwamba atadumu katika imani yake, na kwamba atafanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mimi ahadi hiyo siitoi. Ninaarifiwa tu kwamba ameitoa, nisije nikasema baadaye kwamba sikujua.

Hapo ndipo penye uzito, na ndipo wengi wanapopita mbio. Mtu anasaini fomu ili tarehe isisogee. Nilimwomba paroko atupe muda, na tulizungumza suala la watoto kwa wiki nyingi, jioni nikifunga fremu, kwenye daladala, kwa simu. Nilichokuwa naogopa ilinichukua muda kukitaja. Nilikuwa najiona Jumapili asubuhi natoka peke yangu kwenda usharikani, na mume na watoto wamekwisha toka upande mwingine. Mchumba wangu hakunijibu kwa maneno matamu. Aliniuliza, "Usharikani kwako ibada ya kwanza inaanza saa ngapi?" Tukapanga. Watoto watabatizwa Katoliki. Jumapili moja ya kila mwezi nyumba nzima itasali kwangu. Sala ya jioni nyumbani itakuwa moja, na nyimbo nilizolelewa nazo watoto watazijua. Na mtu yeyote wa ukoo wake akianza kunisukuma nihame, wa kumjibu ni yeye. "Kwa mama nitasema mimi," aliniambia, "hilo usilibebe wewe." Akasafiri hadi Muleba akasema.

Nilikubali kwa moyo wangu wote. Najua wapo Walutheri wenzangu watakaosema nimetoa kikubwa. Nimetoa, ndiyo, na nilijua ninachotoa, na nilijua ninapata nini. Naye anajua alichoahidi mbele ya kanisa lake, na mimi singependa kuolewa na mtu anayesaini ahadi mbele ya Mungu huku akipanga kutoitimiza.

Baba yake mkubwa ndiye aliyetuliza wazee wa pande zote. Alikuja Gonja na washenga, na mjomba wangu mmoja alipouliza nyumba moja itakuwaje na makanisa mawili, yule mzee akasema: kwetu Bukoba ndiko alikotoka Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960. Na kwetu huko huko ndiko alikotoka Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na walimchagulia hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 1977. Mkoa umewalea wote wawili, nyumba itashindwaje? Baba alicheka mpaka akavua miwani. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Kuhusu ibada yenyewe, tutafunga bila Misa: masomo, mahubiri, viapo, pete, baraka. Ndiyo kawaida ya ndoa mseto. Kuna ndugu waliona kama tunapunguziwa heshima, wakataka Misa kamili. Mimi nilimfikiria baba kwenye benchi la mbele, watu wakiinuka kwenda kukomunika, yeye na mama, kwa kuwa si Wakatoliki, wamebaki wamekaa siku ya harusi ya binti yao. Hapana. Mchungaji wangu amealikwa, atasoma somo na kutuombea. Viapo vitapokelewa na padre, mara moja tu. Kufunga upande huu kisha kurudia upande ule hairuhusiwi, na ni vizuri familia zikaambiwa mapema kabla watu hawajaanza kupanga sherehe mbili.

Kabla ya kibali kuna mahojiano, kila mmoja peke yake na padre. Wateja wangu huyaita "kujaza fomu". Kwangu yalikuwa zaidi ya fomu. Padre aliuliza yale yaliyoandikwa: unaolewa kwa hiari, unajua ndoa ni ya kudumu, uko tayari kupokea watoto. Kisha akaweka kalamu chini. "Binti, baba yako akirudisha mahari yote kesho, bado unamtaka huyu?" Nikasema ndiyo, Padre. Akasubiri. "Na ajira ya serikali ikikoma?" Nikasema ndiyo. "Na mama yake akija kukaa nanyi miaka?" Hapo sikujibu haraka. Akasema, "Hilo nenda ukazungumze naye, halafu mrudi." Fomu yangu ilibaki bila sahihi mpaka tuliporudi.

Nimegusa mahari. Kwetu Upareni hutajwa kitu kwa kitu: mbuzi wa mjomba, mkaja wa mama, blanketi la bibi, na mengine. Siku hizi vingi hulipwa fedha taslimu. Bibi yangu alikataa fedha. Alisema anataka blanketi lenyewe, zito, alitandike aone. Washenga wakaenda Same mjini kulinunua. Bibi akalifungua pale pale sebuleni, akalishika pindo kwa vidole viwili kama anavyonikagulia mishono tangu nikiwa mdogo, akasema, "Haya, huyu ana adabu." Nimependa mahari yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa, na ni vizuri kulijua hilo pale familia inapozuia harusi kwa sababu ya mbuzi wawili. Lakini siku ile Gonja niliona wazee wasiojuana wakikaa chini ya mwembe mmoja kwa sababu yetu, wakila makande, na kwangu thamani yake ni kubwa.

Sasa damu. Hili alilianzisha yeye, kwa sababu dada yake mkubwa ana mtoto mwenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi duniani zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye wabebaji wengi zaidi nchini. Wifi yangu alinipigia simu mwenyewe. Hakunitisha. Aliniambia tu jinsi usiku unavyokuwa: "Mtoto akishikwa na maumivu unambeba, ila hujui umshike wapi, maana kila unapogusa panauma." Kisha akasema laiti mtu angewaambia wapime wakati wao, wangejua la kumwambia daktari tangu siku mtoto alipozaliwa.

Jambo lenyewe ni rahisi kueleza. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachohusika, moja ya baba, moja ya mama. A ni nakala nzima, S ni nakala yenye ugonjwa. Mwenye AA hana tatizo. Mwenye AS anabeba, na anaweza kuzeeka bila kujua. Mwenye SS anaumwa. AS wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto SS, nusu kupata AS, robo kupata AA. Nasisitiza kila mimba, maana nimesikia watu wakisema kati ya watoto wanne mmoja ndiye atakayeumwa, kwa hiyo ukishampata huyo mmoja wengine wako salama. Sivyo. Hesabu inaanza upya kila mara. Wapo pia walioniambia Mpare hana haja ya kupima. Kinasaba hiki kilidumu penye malaria, kwa sababu mwenye AS anakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, na Gonja Maore ni tambarare, mbu tunawajua. Nikapima.

Lililonisaidia zaidi ni kwamba tulizungumza kabla ya majibu. Tulikaa kwenye benchi la maabara na mchumba wangu akaniuliza, "Yakitoka AS na AS, tunafanyaje?" Tulikwisha kulijadili nyumbani, ila alitaka nilirudie pale. Nikasema tutaoana, na kila mtoto atapimwa anapozaliwa ili aanze kliniki na dawa mapema, na idadi ya watoto tutaifikiria upya. Akasema hivyo hivyo. Majibu yalitoka: yeye AS, mimi AA. Watoto wetu hawatapata ugonjwa, ila kila mmoja ana nusu ya uwezekano wa kuubeba, na wakikua tutawaambia wapime na wachumba wao. Nawaheshimu wachumba wanaoamua kuachana baada ya majibu kama hayo. Ni uamuzi mzito na ni wao. Ninachoomba wasifanye ni kupima wiki moja kabla ya harusi, kadi zimegawiwa, ukumbi umelipwa, wakati hakuna tena nafasi ya kuamua lolote.

Tulipima pia VVU, homa ya ini aina B na kundi la damu. Mimi ni O hasi, yeye ni chanya. Muuguzi akaniambia niliseme hili kliniki mara nikipata mimba, kwa sababu mwili wa mama mwenye damu hasi unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu chanya ya mtoto, na ipo sindano ya kuzuia hilo ili kumkinga mtoto atakayefuata, na baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya inatakiwa ndani ya saa 72. Nimeliandika nyuma ya kadi yangu ya bima.

Fedha tulizifanyia daftari, lile la kaunta ninaloandikia vipimo vya wateja, tukaligeuza tukaanzia nyuma. Alianza yeye. Bodi ya Mikopo, iliyomkopesha alipokuwa chuo, inamkata asilimia 15 ya mshahara. Kuna mkopo wa benki aliochukua kuezeka nyumba ya mama yake, bado una miaka miwili. Mdogo wake yuko chuo na anakaa naye. Nilipoona kinachobaki mkononi nilielewa kwa nini kuna miezi alikuwa anakuja kwangu kwa miguu kutoka Buguruni.

Zamu yangu ikafika. Kodi ya fremu, mafundi wawili ninaowalipa kwa wiki, kikoba, fedha ninayomtumia mama. Na kitu ambacho hakukijua kabisa: mapato yangu hayafanani. Kwaresima harusi za Wakristo wengi hazifungwi, na wateja wangu wengi ni wao, kwa hiyo siku zile arobaini nashona sare za shule na kurekebisha suruali. Baada ya Pasaka nafanya kazi mpaka usiku wa manane. Yeye amezoea mshahara wa kila mwezi, na kichwani mwake alikuwa ameniwekea kiasi kimoja kwa mwaka mzima. Tungeingia kwenye nyumba tukapanga kodi ya miezi sita kwa hesabu hiyo, Kwaresima ya kwanza tu tungegombana, na kila mmoja angeona mwenzake anaficha. Tumekubaliana mshahara wake ubebe kodi na chakula, yaani vile visivyosubiri, na fedha yangu iende kwenye akiba, bima na ujenzi, vitu vinavyoweza kungoja mwezi mzuri.

Ujenzi ukatuleta kwenye kiwanja. Nina kiwanja Kivule, nilikinunua kwa cherehani, mkataba umesainiwa ofisi ya serikali ya mtaa, majirani wa mipaka wameshuhudia. Ndugu mmoja alinishauri kwa nia njema nibadilishe jina niandike la mume, "ili nyumba iwe na amani." Nilikataa, na nilimwambia mchumba wangu kwamba nimekataa na kwa nini. Tulisoma Sheria ya Ndoa pamoja, vile vifungu vya mali. Ndoa peke yake haihamishi umiliki: cha kwako kinabaki cha kwako. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa ni yao sawa kwa sawa. Kwa hiyo jina kwenye karatasi lina kazi. Kifungu cha 59 kinamzuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa.

Wapo wanaosema wachumba wakisoma vifungu hivi wanajiandalia talaka. Nimeshona nguo za msiba za wajane waliotolewa ndani ya nyumba walizochangia matofali, kwa sababu hakuna mahali jina lao lilipoandikwa. Mazungumzo yetu yalichukua jioni moja, na tuliyafanya tukiwa tunacheka. Kivule ni changu na kitabaki changu. Kiwanja tutakachonunua pamoja kitakuwa na majina mawili. Akasema, "Na mafundi nitasimamia mimi, wewe utawalipa mara mbili kwa huruma." Hilo nimekubali.

Kamati niseme kidogo. Inafanya kazi nzuri, mwenyekiti ni mtu mwenye busara, na ninashukuru kila aliyechanga. Tuliwaomba jambo moja tu: bajeti isizidi fedha iliyokwisha kuingia, ahadi zisihesabiwe. Ukumbi umekuwa mdogo kuliko walivyotaka. Hakuna atakayetudai tukirudi nyumbani.

Lile swali la padre kuhusu mama yake tulilifanyia kazi Pasaka, Muleba, tukiwa na mama mwenyewe. Nilidhani atasema atakuja. Kumbe yeye ndiye hataki kuacha migomba yake, na alikuwa anaogopa kwamba tutamlazimisha. Tumepanga atakuja kwa matibabu na kwa uzazi, na atarudi kwake anapotaka yeye.

Kilichobaki ni mdogo wake. Amebakiza mwaka mmoja chuoni, nyumba tunayoweza kulipia ina chumba kimoja na sebule, na mimi nimesema wazi kwamba mwaka wetu wa kwanza ningependa tuanze wawili. Mchumba wangu hataki kumtoa ndugu yake hosteli hazijapatikana. Wote wawili tunaona mwenzake ana haki. Jumamosi hii tunakutana watatu, yeye kijana akiwepo, na daftari litakuwepo. Matangazo ya ndoa yanaanza kusomwa mwezi wa nane, Jumapili tatu, parokiani kwake na usharikani kwangu, na nataka hili tuwe tumelimaliza kabla ya Jumapili ya kwanza.